Jibu: Switch bila simu, mtoto ataweza kuongea na wenzake?

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 13 asiye na simu ataweza kucheza onlaini kwenye Switch, ile mashine ya gemu ya Nintendo, na kupiga stori na wenzake humohumo. Kucheza ataweza, simu haihusiki kabisa, unalipia tu Nintendo Switch Online, huduma yao ya kucheza mtandaoni, basi. Kasheshe iko kwenye kuongea. Switch ya kwanza, ile ya 2017, Nintendo waliamua sauti za watu zipite kwenye apu ya simu, yaani mtu anacheza gemu la Splatoon 2, milio ya gemu inatoka kwenye mashine, wenzake anawasikia kwenye simu, sasa hedifoni achomeke wapi? Na apu ilivyotoka mwanzoni ukizima tu skrini au ukatoka kujibu meseji maongezi yanakata hapohapo, walikuja kurekebisha baadaye. Mi naona ni ubishi tu wa kampuni, maana gemu la Fortnite kwenye mashine hiyohiyo unachomeka hedifoni yenye maiki pale juu unaongea, hata simu iwe imeisha chaji.

Kama mfuko unaruhusu mchukulie Switch 2, imetoka Juni 2025, ina maiki ndani na kitufe cha C cha kuitana. Ila hata hiyo usidhani umeikwepa simu, ili aongee kwa hicho kitufe akaunti inahakikiwa kwa namba ya simu, na kwa umri wake mzazi ndo anaidhinisha, tena kwa apu. Kwa hiyo mwambie mama ajiandae. Pajero bila funguo haiwaki lol