Kiuno kinauma nikigeuka kitandani: nikanyooshwe mgongo?

SWALI: Nina mimba ya wiki 30. Kila siku napanda daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo. Kiuno na nyonga ya kulia vinauma, hasa nikigeuka kitandani. Mwenzangu kazini ananishauri nikanyooshwe mgongo kwa tabibu wa kairopraktiki, yaani anayenyoosha uti wa mgongo na viungo kwa mikono. Ni salama? Na nikishajifungua je?
Mama Kijacho, Mbagala

JIBU: Pole sana, mama. Ujauzito hulegeza kano zinazofunga mifupa ya nyonga, na tumbo nalo linavuta kiuno mbele. Ndiyo maana maumivu huzidi uzito ukikaa mguu mmoja au mapaja yakiachana.

Mimba ikiwa haina tatizo, kwa kawaida kunyooshwa na aliyesomea ni salama, na wapo wanaopata nafuu, ingawa ushahidi wa kitaalamu bado ni mdogo. Anzia kliniki, mkunga akupime kwanza. Tabibu makini atakuuliza wiki za mimba, presha, kama umetokwa damu na kondo limekaa wapi. Atakulaza ubavu na kubonyeza taratibu. Akitaka kukupinda kwa nguvu, shuka kitandani uondoke. Vivyo hivyo kwa wachuaji wanaokandamiza tumbo eti kumweka mtoto sawa.

Lakini nafuu kubwa utaipata kwenye namna unavyojigeuza. Kunja magoti yote mawili, yabane pamoja, kisha geuza mabega, nyonga na magoti kwa mpigo mmoja. Kuamka, lala ubavu, teremsha miguu yote pamoja, jisukume kwa mikono. Wengi hutanguliza mguu mmoja, na hapo ndipo nyonga inapochomwa. Lala ubavu, mto katikati ya magoti hadi vifundoni. Vaa nguo umekaa. Kwenye daladala panda na mguu wa kushoto, shuka na wa kulia unaouma. Bodaboda iache, inatanua mapaja. Kwenye bajaji kaa kwanza, ndipo uingize miguu yote pamoja. Ndoo ya lita 20 abebe mwingine.

Dawa ni parasetamoli, kwa kipimo ulichopewa kliniki. Diklofenaki na ibuprofeni usinunue mwenyewe: baada ya wiki 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi.

Ukishajifungua, kano huchukua wiki hadi miezi kukaza. Wakati wa kunyonyesha, mlete mtoto kwenye ziwa kwa kumwekea mto chini, usimwinamie. Kukandwa kuwe kwa maji ya uvuguvugu, na kidonda cha upasuaji kisiguswe. Khanga ifunge kwenye nyonga. Ukiibana sana tumboni inasukuma kizazi na kibofu chini. Kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo, sekunde 5, mara 10, awamu tatu kwa siku.

Ukitokwa damu au maji, maumivu ya tumbo yakija na kuachia kabla ya wiki 37, ganzi ikiingia mapajani, mkojo ukigoma au mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiende kunyooshwa. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.