Gego la mwisho: ling'olewe au liachwe?

Dada wa Kadutu, pole kwa usingizi mnaokosa. Unauliza kama mdogo wako wa miaka 22 ang'olewe gego la mwisho, kwa kuwa ufizi umevimba mara tatu na kila mara mnanunua vidonge vya antibiotiki kwenye farmasi.

Magego haya huota kati ya miaka 17 na 25. Yakisimama wima na kusafishika, hayaguswi. Lakini la mdogo wako naona limetoka nusu: ufizi umebaki kama kifuniko juu yake, chembe za ugali na sombe zinaingia chini, mswaki haufiki, panaoza. Vidonge vinatuliza wiki mbili, kifuniko kipo palepale. Uvimbe ukirudirudi hivyo, mimi ningeling'oa. Vilevile likiwa limetoboka, au limelala na kusukuma jirani yake hadi naye anaanza kuoza.

Apigwe kwanza radio ya taya, yaani picha ya eksirei. Jino la chini huweza kukaa karibu na mshipa wa fahamu wa mdomo, na munganga lazima auone kabla hajashika koleo.

Kwa sasa asukutue maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko kidogo kwa glasi. Ila kinywa kikishindwa kufunguka, kumeza kukawa shida, au uvimbe ukashuka shingoni na homa, msingoje asubuhi: mpelekeni hospitali usiku huohuo, uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba pumzi.

Akishang'olewa, asivute sigara wala kunywa kwa mrija siku chache, donge la damu lisitoke.