Imeji ya diski haibebi BIOS: jibu kwa mkuu wa Kasulu mwenye laptopu sita

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una laptopu sita za ofisi: Latitude tatu za Dell, ThinkPad mbili za Lenovo na ProBook moja ya HP. Umechoma Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwenye DVD ili siku moja ikiharibika uirudishie Windows uliyoihifadhi kama imeji, yaani nakala ya diski nzima, lakini ukiijaribu, Latitude inakujibu kwamba haioni kitu cha kuwakia. Walionitangulia hapo juu wamekucheka kwamba DVD ni mambo ya kale. Mimi nina kibanda cha ufundi hapa Mwanga, Kigoma mjini, na droo yangu bado ina DVD. Ngoja nikujibu taratibu.

Kwanza iweke hiyo DVD kwenye kompyuta nzima, uifungue uone ndani kuna nini. Ukikuta faili moja tu lenye mkia wa .iso, basi ulilinakili kama unavyonakili wimbo, na laptopu haiwezi kuwaka na hilo. Unatakiwa ukute mafolda, mojawapo limeandikwa EFI na jingine live. Kwenye Windows, bofya faili la .iso kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua kuchoma imeji ya diski, na tia tiki kwenye kisanduku cha kuhakiki baada ya kuchoma. Kama unachomea kwa programu nyingine inayokuruhusu kuchagua mwendo, chagua mdogo. Siku hizi DVD tupu zinazofika huku zimekaa kwenye joto mpaka zimechoka, ukizichoma kwa kasi zinakataa. Nina hakika asilimia kubwa kwamba tatizo lako ni hili.

Kuhusu ubishi wa DVD na flashi: tumia flashi, lakini DVD iwepo kabatini. Sababu yangu ni moja tu, DVD iliyofungwa haiandikwi tena. Flashi yangu ya kuokolea niliwahi kumwazima jirani wa steshenari "dakika mbili tu", ikarudi na kirusi cha shotikati na singeli kama arobaini. Clonezilla yenyewe nilikuwa nimeshafutiwa. Programu hii ni ndogo, inaenea hata kwenye CD ya MB 700. Kwa laptopu zisizo na tundu la DVD, nunua kisomeo cha nje cha USB, kimoja kinatosha ofisi nzima.

Ila usijidanganye kwamba hata imeji utaiweka kwenye DVD. Windows yenye Office na programu ya uhasibu inaweza kula GB 60, na ikishabanwa ukabaki na GB 30 hivi. DVD moja ni GB 4.7, kwa hiyo ungehitaji saba, na ya tano ikikwaruzika zote saba ni takataka. DVD ni ufunguo wa mlango. Mzigo ukae kwenye diski ya nje, na nakala ya pili kwenye diski nyingine iliyo nyumba nyingine. Flashi za "TB 2" za bei ya chipsi kuku usiziguse: zinasoma TB 2 lakini ndani zina GB chache, zinapokea mafaili yako huku zikiyamwaga. Ukiwa na shaka na flashi, ijaze kwa programu ya H2testw, itakwambia ukweli.

Kuandaa flashi, mimi natumia Rufus. Chagua GPT (mpangilio mpya wa diski) na UEFI (mtindo mpya wa kuwaka) kwa mashine zako hizo kama si za zamani sana. Menyu ya kuchagua pa kuwakia ni F12 kwa Dell na ThinkPad, F9 kwa HP. BIOS yenyewe, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, ni F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP. Andika vitufe hivyo kwa kalamu juu ya kasha la DVD, maana siku ya msiba hutazikumbuka.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, kwa sababu lilinila usiku mzima na hakuna mchangiaji aliyeligusa.

Ofisi moja hapa mjini ilinipa Latitude E7450 nane zilizotumika, nizipange zote zifanane. Nikaandaa moja vizuri, nikachukua imeji, nikairudisha kwenye nyingine saba. Zote zikawaka, nikalipwa. Miezi kadhaa baadaye mojawapo ikaletwa, Windows imekufa, skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Nikasema hii ni kazi ya nusu saa. Nikaweka DVD, nikachomeka diski ya nje, nikarudisha imeji. Clonezilla ikamaliza salama, haikulalamika hata neno. Nikawasha: bluu ileile.

Nikarudisha mara ya pili. Bluu. Umeme ukakatika katikati ya mara ya tatu, na betri ya ile laptopu ilikuwa ya dakika kumi. Nikaenda kuazima jenereta kwa mzee wa saluni, nikanunua petroli, nikaanza upya. Bluu. Hapo nikaanza kuituhumu imeji, kisha diski ya nje, kisha SSD, yaani diski ya ndani. Nilishashika bisibisi kubadili SSD ambayo haikuwa na kosa lolote.

Aliyeniokoa ni dogo aliyekuwa kwangu kwa mazoezi ya kazi. Alikuwa ameiwasha Latitude nyingine ya kundi lilelile pembeni, akaziangalia zote mbili, akaniuliza, "Bro, mbona hii saa yake inasoma mwaka ambao laptopu yenyewe ilikuwa haijatengenezwa?"

Nikanyamaza. Kila nilipoiwasha ilikuwa ikiandika ujumbe kwamba saa haijapangwa, nami nabonyeza F1 kuendelea kama mtu anayefukuza nzi. Betri ya saa, ile ndogo ya duara CR2032, ilikuwa imekufa. Ikifa, mipangilio ya BIOS inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani. Na Latitude hizi kiwandani sehemu ya SATA, yaani njia ya ubao kuongea na diski, inatoka ikiwa RAID On; hali nyingine ni AHCI. Mimi wakati naandaa ile ya kwanza nilikuwa nimeiweka AHCI, nikasakinisha Windows juu yake. Windows iliyozaliwa kwenye AHCI ukiiwasha kwenye RAID haina draivu ya kuifikia diski yake mwenyewe, ndiyo bluu ile. Clonezilla kwa upande wake ni Linux, ilikuwa inaiona SSD ya SATA kwenye hali zote mbili, kwa hiyo haikuwa na cha kulalamikia.

Nikaingia F2, nikarudisha AHCI, nikawasha. Windows ikafunguka, imeji ileile niliyoitukana usiku kucha. Betri mpya nilinunua asubuhi kwa pesa ndogo kuliko petroli ya jenereta.

Ndiyo maana nakwambia imeji inabeba kila kitu kilichomo kwenye diski, lakini BIOS haimo kwenye diski. Imo kwenye ubao. Siku unayochukua imeji, ingia BIOS ya mashine hiyo na uandike: ni UEFI au Legacy (mtindo wa zamani wa kuwaka), SATA ni AHCI au RAID, Secure Boot (ulinzi unaozuia kuwaka na kitu kisichoidhinishwa) imewashwa au imezimwa. Piga picha kwa simu kama mwandiko wako ni kama wangu. Picha hiyo iweke kwenye folda la imeji, na nakala iliyochapwa uibandike chini ya laptopu au ndani ya kasha la DVD. Laptopu sita za kampuni tatu maana yake ni karatasi sita, usifupishe.

Kwa Latitude mpya zenye SSD za NVMe, aina mpya isiyopita njia ya SATA, kituko ni kingine. Zikiwa RAID On, Clonezilla inaweza isiione diski kabisa, orodha inakuja tupu, na mtu anadhani SSD imekufa. Usikimbilie kuweka AHCI kama Windows iliyomo bado unaihitaji. Kwanza ndani ya Windows fungua msconfig uiamuru iwake kwa hali salama, zima, ingia BIOS uweke AHCI, iache iwake mara moja hivyo, kisha rudi msconfig uondoe hiyo amri. Baada ya hapo chukua imeji yako.

Mengine kwa ufupi. Kabla ya kuchukua imeji, zima Windows huku umeshikilia kitufe cha Shift, la sivyo inalala nusu badala ya kuzima na Clonezilla itaigomea diski. Laptopu za kazi mara nyingi zina BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski kwa msimbo, bila mwenyewe kujua. Izime kabisa mpaka msimbo wote uondoke kwenye diski, usiisimamishe tu, vinginevyo imeji inakuwa kubwa kama diski nzima, na ukiirudisha kwenye mashine nyingine itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Huo ufunguo mara nyingi uko kwenye akaunti ya mfanyakazi aliyeshaacha kazi.

Ukubwa nao: imeji ya diski ya GB 500 haikubali kurudi kwenye SSD ya GB 240 hata kama iliyotumika ni GB 60 tu, Clonezilla inaangalia ukubwa wa diski. Basi andaa ile mashine mama kwenye diski ndogo kuliko zote ulizonazo. Na kama imeji moja unaigawa kwa laptopu nyingi, pitisha kwanza sysprep, programu ya Windows ya kufuta utambulisho wa mashine, zisije zikagombania jina moja kwenye mtandao. Kuirudisha kwenye mashine yake mwenyewe hakuhitaji hayo.

Clonezilla inapokuuliza y mara mbili, soma inachouliza. Imeandika jina la diski, ukubwa na modeli. Kuna fundi namfahamu, simtaji, alirudisha imeji juu ya diski ya nje iliyobeba imeji zenyewe. Aligonga y mbili kama anabisha hodi.

Ukishachukua imeji ya kwanza, tafuta SSD ya akiba, ifunge kwenye Latitude moja, urudishe humo, uiwashe, ufungue programu yenu ya uhasibu uone inafanya kazi. SSD ya asili ikae pembeni bila kuguswa. Fanya hivyo wiki hii, wakati hakuna anayekupigia simu.

Anza na ile DVD, niambie umekuta nini ndani. Ikiwa mafolda yamo na bado haiwaki, weka hapa picha ya ukurasa wa BIOS unaoonyesha mpangilio wa kuwaka pamoja na Secure Boot, na modeli kamili ya Latitude. Leo tuko gizani tangu mchana, nitaingia umeme ukirudi.