Kimya cha anga bado si ushahidi

Je, kutosikia ishara yoyote ya viumbe wenye akili kutoka nyota nyingine tangu 1960 kunathibitisha kwamba tuko peke yetu ulimwenguni? Hapana. Bado hatujatafuta vya kutosha. Mwaka huo wa 1960 mwanaastronomia Frank Drake alielekeza darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili tu, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Nyota zilizochunguzwa zimeongezeka sana tangu hapo, lakini kuielekea nyota hakutoshi: lazima upate masafa yenyewe ya redio ambayo ishara imerushwa, uwe unasikiliza wakati huohuo ishara inapopita, na iwe na nguvu ya kufika. Mwaka 2018 mwanaastronomia Jason Wright na wenzake walipiga hesabu ya hayo yote kwa pamoja, wakaona tulichokwisha kupekua ni kama maji ya bwawa dogo la kuogelea mbele ya bahari zote za dunia.

Na umbali tusiusahau. Ujumbe uliorushwa kutoka darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, 1974 kuelekea kundi la nyota la M13 utasafiri takriban miaka 25,000.

Ila kuna upande mmoja ambao hoja ya "tungeshawaona" ina uzito. Viumbe wanaotumia sehemu kubwa ya nishati ya galaksi nzima wangetoa joto ambalo darubini za infraredi (miale ya joto isiyoonekana kwa macho) hulinasa. Data za WISE, darubini ya infraredi iliyoko angani, zilichujwa kwa galaksi zipatazo 100,000, matokeo yakatoka 2015: hakuna hata moja iliyoonyesha dalili ya wazi. Hao wa kiwango hicho naamini ni adimu mno, kama wapo.