Kofia huharibikia sokoni: kwa anayeanza kufuma Bukavu

Anayeanza kufuma hulaumu vidole vyake. Kofia ikitoka pana kama sufuria, au soksi ya mtoto ikigoma kupita kisigino, atasema mkono bado haujazoea. Mara nyingi mkono umeonewa tu. Kazi iliharibika kwenye soko la Kadutu, siku uliponunuliwa uzi mnene na sindano nyembamba kwa sababu vyote viwili vilikuwa bei nafuu. Ndiyo maana tunaanzia sokoni, na vitanzi vitafuata.

Hapa kwetu uzi wa kufumia huitwa lene, hata kama ndani yake hamna sufu hata unywele mmoja. Kwa kazi za mwanzo chukua akriliki, uzi wa kiwandani usiotoka kwa mnyama wala mmea, bila kuona haya: hufuliwa kila siku kwa sabuni ya kawaida, haisinyai, na ukiifumua mara tano bado inafumika. Sufu halisi ina joto kuliko zote, ila ikikutana na maji ya moto na mikono inayofikicha, nyuzi hushikana na kuwa kitu kigumu kama zulia, na hapo hakuna kufumua tena. Mtoto mchanga anafuliwa nguo kila siku, na wa kufua si lazima awe wewe. Pamba ni nzuri kwa kitambaa cha kuogea na kwa kishikio cha sufuria. Kishikio usikifume kwa akriliki kamwe, kwa sababu huyeyuka ikigusa sufuria iliyotoka kwenye mbabula, jiko la makaa, na kile kilichoyeyuka hubaki kwenye ngozi. Uzi wenye manyoya marefu uache kabisa kwa sasa. Huoni kitanzi kiko wapi, na manyoya yenyewe huishia mdomoni mwa mtoto.

Uzi usio na karatasi yake, jaribu kwa moto. Omba kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibano juu ya sahani yenye maji, kiwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe, na jivu lake husagika kwa vidole. Akriliki hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu la kijivu laini. Uzi uliochanganywa hutoa dalili mbilimbili, na huo uhesabu kama akriliki: mbali na moto.

Unene ndio jambo linalopuuzwa zaidi. Uzi wa mwanzo uwe wa kati, ule unaofumwa kwa sindano ya milimita 4. Kama lebo ipo, tafuta mchoro mdogo wa sindano wenye namba 4, na mraba unaosema takriban vitanzi 22 kwa sentimita 10. Peloti, yaani bonge la uzi, ya gramu 50 ya aina hiyo huwa na mita kama 110 hadi 130. Kama lebo haipo, zungusha uzi kwenye rula, mzunguko kando ya mzunguko, bila kuvuta wala kubananisha. Ndani ya sentimita 5 ikiingia mizunguko kati ya 22 na 28, ndio wenyewe. Ikiingia 35 ni mwembamba, utakuchosha. Ikiingia 15 ni mnene, na kofia ya mtoto itasimama kama kibuyu.

Rangi iwe ya mwanga: njano, buluu ya anga, kijani kibichi. Nyeusi na buluu ya giza zinapendwa kwa kuwa hazionyeshi uchafu, lakini jioni umeme ukikatika na umebaki na tochi ya simu, kwenye uzi mweusi huoni kitanzi kilichodondoka hadi kesho yake.

Kisha kuna namba ya pipa la rangi. Kwenye lebo za Kifaransa imeandikwa «bain», yaani pipa ambamo uzi ulipakwa rangi. Peloti mbili nyekundu za kiwanda kimoja, zenye bain tofauti, mezani zinafanana kabisa. Zikishafumwa, mstari wa kuungana unaonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara. Uliza mapema: «Mama, uko na peloti tatu za hii rangi, bain moja?» Akikosa, nunua rangi nyingine ya kuweka mistari ya makusudi. Na kama tayari umeshanunua za bain mbili, fuma mistari miwili ya peloti hii, miwili ya ile, ukipokezana hadi mwisho, tofauti itajificha. Usinunue peloti moja leo ukitegemea kurudi mwezi ujao. Kofia ya mtoto mchanga hula gramu 30 hadi 40, kizibao cha mtoto wa mwaka mmoja 100 hadi 150, sweta ya mtu mzima 500 hadi 600. Chukua yote siku moja, na peloti moja ya ziada.

Sindano nazo zina mtego wake, nao ni namba. Kwa Wafaransa namba 4 ni milimita 4, basi. Lakini sindano zinazopita mkono kwa mkono, au zilizotoka kwa ndugu aliye Kampala au Nairobi, zinaweza kuwa na namba za zamani za Waingereza, ambazo huenda kinyume: kadiri namba inavyokua, sindano inakonda. Namba 8 ya Mwingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Mmarekani ni milimita 5. Namba 8 ya Mfaransa ni milimita 8, mti mzima. Usiiamini namba usiyojua imetoka wapi: laza sindano mbili bega kwa bega juu ya rula, upana ukiwa milimita 8, kila moja ni 4. Spoku za baiskeli zilizonolewa ncha zinafuma kweli, ila spoku ya kawaida ina milimita 2 tu. Kwa uzi wa kati itakupa kitu kigumu kama kamba. Ukichonga za mianzi, zisugue kwa msasa mpaka uzi usikwame hata mara moja. Mwanzi una faida kwamba vitanzi haviponyoki ovyo kama kwenye aluminiamu. Kingine unachohitaji ni sindano butu ya jicho kubwa ya kushonea, ndoano moja ya kroshe ya kuokolea vitanzi, rula na mkasi. Vifaa vingine vyote vinaweza kungoja.

Kuna uzi mwingine wa bei ndogo uliolala kwenye marundo ya mitumba: sweta kuukuu. Kabla ya kulipa, geuza ndani utazame mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi za mashine, iache, maana kila mstari umekatwa na utapata vipande vya nusu mita. Unayotaka ni ile yenye mshono kama mnyororo na kingo nzima. Fumua mishono kwanza, kisha anza kuvuta kutoka juu, shingoni, kwa sababu sweta nyingi hufumwa kutoka chini kwenda juu. Zungushia uzi mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa uzi wa pamba, uloweke maji ya vuguvugu nusu saa, kisha uanike kivulini. Sufu itanyooka vizuri. Akriliki itabaki na mawimbi kiasi, na usijaribu kuinyoosha kwa pasi: inalegea na hairudi tena.

Sasa kazi. Wengi huanza na skafu, na sisi hatuipendi. Ni ndefu, inachosha kabla ya kufundisha lolote, na kwa hali ya hewa ya Bukavu itavaliwa asubuhi chache tu. Anza na kitambaa cha vitanzi 30, mistari yote ya kitanzi cha uso (uzi ukiwa nyuma ya sindano), hadi kiwe mraba. Fuma cha pili ukipokezana mstari wa uso na mstari wa kinyume (uzi ukiwa mbele); hicho ndicho kipimo chako. Kilaze bila kukivuta, weka rula katikati, hesabu vitanzi vya sentimita 10. Ukipata 22, endelea. Ukipata 25 unakaza, hamia sindano ya 4.5. Ukipata 19 unalegeza, rudi 3.5.

Kofia ya mtoto mchanga: tunga, yaani anzisha kwenye sindano, vitanzi 72, ukiacha mkia wa uzi wa mita 1 na robo kama unatunga kwa kutumia mkia huo. Fuma sentimita 3 za kitanzi kimoja cha uso, kimoja cha kinyume, ili ukingo uvutike. Endelea mstari wa uso, mstari wa kinyume, hadi urefu ufike sentimita 9. Kupunguza: kitanzi 1 cha pembeni, kisha mara 7 «fuma 8, fuma 2 pamoja», malizia kitanzi 1 cha pembeni, vimebaki 65. Mstari wa kurudi wote ni kinyume. Mstari wa uso unaofuata fuma 7 kabla ya kuunganisha 2, halafu 6, halafu 5, hivyo hivyo hadi iwe mbili pamoja tupu na vibaki 9. Kata uzi wa sentimita 40, upitishe kwenye vitanzi vyote 9, vuta, kaza, na kwa uzi huohuo shona mgongo kuteremka hadi chini. Vitanzi viwili vya pembeni ndivyo vinavyomezwa na mshono, hivyo vilivyobaki 70 vinakupa upana wa kama sentimita 32. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa sasa kina kama 35, kwa hiyo kofia inamshika bila kumbana. Aliyepuuza kipimo na kukaza hadi 25 atapata 28, itakayoacha alama kwenye paji la uso. Wa 19 atapata karibu 37, na itamfunika macho.

Hesabu vitanzi kila baada ya mistari miwili. Vikiongezeka bila kuambiwa, sababu huwa moja kati ya mbili. Uzi umepita juu ya sindano mwanzoni mwa mstari, na kitanzi cha kwanza kikaonekana viwili ukavifuma vyote. Au uliacha uzi mbele ulipotoka kinyume kwenda uso, ukapata kitanzi cha bure na tundu chini yake. Vikipungua, tafuta ngazi inayoteremka: kitanzi kilichodondoka kiko chini yake. Kishike kwa ndoano ya kroshe, panda nacho mstari kwa mstari ukivuta kila daraja ndani yake. Sindano ikishindwa kupita, usiisukume kwa nguvu. Unakazia uzi kwenye ncha iliyochongoka badala ya kwenye unene wa sindano.

Maelezo mengi utakayokutana nayo yako kwa Kifaransa kilichokatwakatwa. «M.» ni kitanzi, «rg» mstari, «end.» uso, «env.» kinyume, «dim.» kupunguza, «augm.» kuongeza, «rab.» kufunga, na «2 m. ens.» ni viwili pamoja. Yanapotaja «jersey» ni ule mpokezano wa uso na kinyume. «Point mousse» ni uso tu, kwenda na kurudi.

Uzi uliobaki kwenye peloti ya gramu 50 baada ya kofia usiutupe. Upime kwanza: ukiwa na gramu 15, unatosha soksi mbili ndogo, na zitakuwa za bain ileile.