Chuo chenye nafasi za kusoma nje: uliza pesa kwanza

Dada, umeuliza mwanao anayemaliza sekondari huko Marekani achague chuo gani ili apate muhula wa kusoma nchi nyingine, na kipato chenu ni cha kawaida. Mimi ningeanza na pesa, picha za kwenye vipeperushi zisubiri.

Piga simu ofisi ya misaada ya kifedha, uliza hivi: "Akienda nje, msaada anaopewa na chuo unamfuata, au unabaki hapo?" Vyuo vingi huruhusu ule wa serikali kuu utumike kwenye programu walizoziidhinisha, lakini ruzuku ya chuo chenyewe mara nyingine hukatwa. Hapo ndipo wazazi wanapokwama. Wakijibu, waombe wakuandikie.

Kama ana uraia wa Marekani na anapata Pell Grant (ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo), aombe pia Gilman, ufadhili wa serikali hiyo wa kusoma nje, ambao hufika dola 5,000. Mwenye green card tu haruhusiwi.

Halafu kozi. Akitaka uhandisi au uuguzi, aulize ni muhula upi unaoachwa wazi na kama masomo ya nje yatahesabiwa kwenye shahada, la sivyo atachelewa kuhitimu.

Chuo cha Goucher, Maryland, humtaka kila mwanafunzi asome nje. St. Lawrence, New York, ina programu ya Nairobi tangu miaka ya 1970. Ila kijana anayeongea Kiswahili nyumbani, ningemsukuma Jordan au Chile, akajifunze lugha nyingine.