Maswali yenu: harufu iliyopotea na dawa ya usubi

Tangu niugue UVIKO-19 sisikii harufu, mwezi wa nne huu. Jirani anasema ivermektini, ile dawa ya ugonjwa wa usubi, inairudisha. Kweli? (Area C, Dodoma)

Jirani hakulitunga. Mwaka 2021 watafiti wa Pamplona, Hispania, walitoa matokeo ya wagonjwa 24: 12 walimeza ivermektini mara moja, 12 wakapewa kitu kisicho na dawa. Kupimwa virusi, makundi hayakupishana. Lakini ukijumlisha siku za kukosa au kupungukiwa harufu, wa dawa walikuwa na 76, wenzao 158. Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa nayo iliona nafuu ya pua kwa wanyama wa jamii ya panya, virusi vikiwa vilevile.

Inatia moyo, lakini watu 24 hawajai hata daladala. Tena walimeza ndani ya siku 3 tangu homa au kikohozi kuanza. Wewe una miezi minne; utafiti ule haukukugusa.

Nina chupa ya sindano ya mbuzi, ivermektini hiyohiyo. Ninywe kidogo? (Mfugaji, Bahi)

Usinywe, ndugu yangu. Mililita 1 ya dawa ile ya asilimia 1 inatosha kilo 50 za ng'ombe. Ukikadiria kwa kifuniko umeshazidisha. Ikizidi huleta kutapika, kizunguzungu, degedege, hata kupoteza fahamu. Kwenye vijiji vyenye usubi, mgawa dawa humsimamisha mtu kwenye fimbo ya kupimia urefu, ndipo ahesabu vidonge.

Je, mishipa ya fahamu ya pua imekufa? (Chamwino)

Mara nyingi hapana. Virusi hushambulia zaidi seli zinazoilea mishipa hiyo, ndiyo maana wengi hupona.

Mlenda naumeza kama maji ya moto tu. Nifanye nini? (Mama, Kongwa)

Pole sana mama. Izoeze pua. Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, alichapisha mazoezi haya mwaka 2009: waridi, limau, mkaratusi na karafuu, asubuhi na jioni, wiki 12. Ponda karafuu tano kwa mgongo wa kijiko, weka kwenye kikopo chenye kifuniko, nusa taratibu kama sekunde 10 huku ukikumbuka pilau inavyonukia. Kisha limau, hivyohivyo. Usikate tamaa wiki ya pili.

Harufu ikipotea baada ya kugonga kichwa, au pua ikiziba upande mmoja, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na kama unapikia gesi, kabla ya kuwasha kiberiti mwite mwenye pua nzima aingie jikoni kwanza anuse kama gesi inavuja.